Jiwe Halitaingia Jikoni

Jumamosi, 19 Oktoba

Kaunta ya jikoni imekufa. Bomba chini ya sinki lilikuwa likivuja kimyakimya tangu kiangazi. Leo mama aliegemea afikie sukari, fomaika ikapasuka chini ya kiwiko chake kama ganda la yai. Ndani mlikuwa na maranda yaliyogandishwa, yamevimba, meusi, yananuka soksi. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni alikuja shangazi Sylvia, dada yake marehemu baba, pamoja na mumewe Dale. Dale ndiye mwenye karakana ya kukata mawe ambako kaka yangu Reino anafanya kazi.

"Wifi, usihangaike," shangazi alisema hata kabla ya kuvua koti. "Kuna bamba zima limebaki pale, jeupe, lina mishipa ya kijivu, sawasawa na langu. Reino atakukatia mwenyewe. Bure."

Mama akamtazama Reino. Uso wa mama uling'aa kama wa mtoto aliyeitwa jina lake.

Nikasema, "Hapana."

"Profesa kaanza," Reino akasema.

"Lile si jiwe. Ni mawe yaliyosagwa yakawa unga, yakashikizwa kwa gundi ya petroli. Ukilikata, ule unga unarudi hewani, na mapafu hayajui kuutoa."

"Unga huo unanilisha, mdogo wangu."

"Nao utakumaliza."

Dale akakoroga kahawa yake ambayo haina sukari. Nina wiki chache tu tangu nirudi nyumbani kufundisha kemia chuoni, na nimekwisha kuwa yule binti aliyesoma akaharibika. Sawa. Naandika hapa ili nisijesahau nilichosema siku ya kwanza: jiwe lile halitaingia jikoni humu.

Jumapili, 20 Oktoba

Tunaosha vyombo kwenye beseni la kuogea. Uma mmoja umepita na maji.

Jumamosi, 26 Oktoba

Sauna, chumba chetu cha mvuke. Wanawake kwanza, halafu wanaume, kama kila Jumamosi tangu baba alipoijenga nyuma ya nyumba. Mimi na mama tulikwisha kutoka, nikawa nachana nywele katika chumba cha kuvulia nguo. Dale na Reino waliingia.

Reino ni wa benchi la juu, lenye joto kuliko yote. Tangu akiwa na miaka kumi na mitano hakuna mtu wa ukoo huu aliyemshinda kukaa pale, joto likimchoma masikio, akimwagia mawe ya moto maji na kuwacheka wanaoteremka. Leo nilisikia maji yakifoka juu ya mawe mara moja tu. Halafu mlango ukafunguka. Alipita mbele yangu na taulo, akakaa nje kwenye ngazi, mvuke ukimtoka mabegani. Alikuwa akipumua kwa mdomo.

"Kuni zilikuwa mbichi," akasema bila kugeuka. "Moshi."

Kuni nilizileta mimi. Zina miaka miwili bandani.

Jumamosi, 2 Novemba

Natembea na vipande vya sampuli za kaunta mfukoni kama mganga na hirizi zake. Usiku huu nimevipanga kitandani na kuvisaili kimoja kimoja.

Mwanzi unasifiwa kwa sababu unakua haraka, lakini umevuka bahari nzima na umejaa gundi. Karatasi iliyoshindiliwa ni ngumu, nzuri, inapendeza mkononi, lakini nilipomuuliza muuzaji gundi yake imetokana na nini, alinijibu, "Ni ya kijani." Rangi si jibu. Vioo vya chupa kuukuu ndani ya saruji vinameta kama peremende, ila saruji ina moshi wake, na lazima mtu asimame na grainda avikate. Jiwe la sabuni kutoka Finland, walikotoka babu zetu, lilimfurahisha mama: "Litakuwa limerudi kwa ndugu zake!" Reino akasema litakuwa limesafiri kuliko ukoo mzima ukijumlishwa.

Maswali yangu ni matatu. Limetoka wapi? Limeshikizwa na nini? Nani atavuta vumbi lake? Vijitabu vya madukani vinajibu la kwanza kwa kujisifu na la pili kwa kubabaisha. La tatu hawaliulizi.

Wakati wa chakula nililiuliza kwa sauti. Reino akaweka kijiko chini.

"Unajua shida yako, Senja? Ulikwenda kusoma, mimi nikabaki na mama. Ile kazi ndiyo iliyoweka mafuta kwenye tanuru la kuipasha joto nyumba hii baba alipokufa. Sasa umerudi, na kazi yangu ni uchafu."

"Sikusema kazi yako."

"Umesema nini basi?"

Nilitaka kusema *kifua chako*, lakini mama alikuwa amekaa pale katikati yetu na mkate mkononi.

Jumapili, 10 Novemba

Lazima nicheke kabla sijaandika.

Shangazi Sylvia alitualika kifungua kinywa ili mama aone kaunta yake kwa macho na mimi nione aibu. Kaunta ni nyeupe kama jino la bandia. Mama alikuwa ameleta kikaango cha chuma cha bibi, akaoka pannukakku, chapati yetu nene ya Kifini, katika oveni ya shangazi: mayai, maziwa, unga, siagi ya kutosha kuzamisha paka. Ilipoumuka akaitoa, na akafanya kile ambacho kila mwanamke wa Kifini katika wilaya hii amefanya maisha yake yote. Alikitua kikaango moja kwa moja juu ya kaunta.

Harufu ilikuja kwanza, kama ya kitana cha plastiki kikiungua. Shangazi akampigia mama yowe. Kikaango kilipoinuliwa, duara la manjano lilikuwa limekaa pale, safi, kama jicho.

"Marlene! Trivu! Nilikuwekea trivu pale ya kutulia vyombo vya moto!"

"Si walisema ni jiwe?" mama akauliza. Aliuliza kweli, hakuwa akidhihaki. "Jiwe gani linaogopa mkate?"

Dale akacheka, akakohoa, akanyamazishwa kwa jicho. Shangazi alikichukua kikaango, akakitia kabatini kwake na kufunga mlango. Tumerudi nyumbani bila kikaango. Ni mateka.

Alhamisi, 14 Novemba

Kesho unafunguliwa msimu wa kuwinda kulungu. Karakana imefungwa, shule zimefungwa, fundi bomba hapokei simu. Reino na Dale wamekwenda kambini msituni na maharagwe, bia na chupi za sufu.

Ijumaa, 15 Novemba

Mji wa wanawake. Theluji ya kwanza iliyoshika.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimepata.

Ukumbi wa bolingi unabomolewa. Pale mji mzima ulivingirisha mipira mizito na kuangusha vigingi tangu enzi za babu. Sasa pamenunuliwa pawe maegesho ya magari. Mwenyewe, Bernadette Lacasse, mjane mwenye sauti ya msumeno, alikuwa amesimama mlangoni na koti la mumewe, akiwatukana wabomoaji kwa Kifaransa.

Njia zenyewe za kuvingirishia mipira zilikuwa zimeng'olewa na kuegemezwa ukutani. Ni vipande vyembamba vya mbao vilivyosimamishwa kwa ubavu na kupigiliwa misumari, kimoja kwa chenzake, unene wa kiganja.

"Ncha hizi chukua," Bernadette akasema, "hapa mpira unapotua na kule vigingi vinaposimama. Hii ni mepli, mti wetu tunaougema utomvu. Katikati ni msonobari tu, mpira unapita hapo bila kuumiza. Watu wanaiba katikati kwa sababu ni ndefu. Wajinga."

"Unataka malipo gani?" nikamuuliza.

"Nataka zisichomwe. Lakini ole wake msumeno wako, binti. Misumari imejaa humo kama mifupa katika samaki."

Imetoka wapi? Mtaa wa pili. Imeshikizwa na nini? Misumari. Nani atavuta vumbi lake? Vumbi la mbao nalo si marashi, lakini linazuilika kwa barakoa na dirisha wazi, na halibaki kifuani kama kioo.

Mama alitoa macho. "Nile juu ya sakafu? Baba yako alitapika pale mwaka wa timu yake kushinda!"

"Itarandwa, mama."

"Irandwe mara mbili."

Hata hivyo hakukubali. Alisema taratibu, akitazama dirishani, "Mimi sina haja na jeupe la Sylvia. Nataka kitu kimoja ndani ya nyumba hii kilichotengenezwa na mkono wa Reino. Baba yenu alituachia sauna. Wewe utakuwa na vitabu. Yeye atakuwa na nini cha kuonyesha?"

Nilimdhania mwezi mzima kwamba anashindana na wifi yake.

Jumapili, 24 Novemba

Wamerudi. Dale alisimulia akiwa anavua buti, kwa sauti kubwa, kama kichekesho: "Kijana wako kazeeka, Marlene! Kampiga dume la pembe zenye ncha nane, halafu kakaa kwenye gogo kama bibi harusi. Mnyama nimemburuta mimi, na miaka yangu hii!"

Reino alicheka nao. Mama pia. Nikamwangalia Reino nikaona ananiangalia, na kwa mara ya kwanza hakuniita Profesa.

Alhamisi, 5 Desemba

Baridi ya kupasua mabomba. Reino kasema kwa kupita tu, akijipakulia viazi, kwamba mabomba ya karakana yameganda, kwa hiyo wanakata kavu mpaka machipuko.

"Kavu?" nikasema. "Bila maji ya kuzima vumbi kwenye meno ya msumeno?"

"Maji yanakuwa barafu, Senja. Unataka nikate kwa barafu? Kila mwaka ni hivyo."

"Kila mwaka."

"Tunavaa barakoa."

"Ya karatasi?"

"Ya kitu gani basi, ya dhahabu?"

Kila mwaka, tangu mabomba yagande mpaka theluji iyeyuke, na majira yetu ya baridi ni nusu ya maisha. Nilimwambia aende akapigwe picha ya kifua. Akasema wanaotafuta ugonjwa huupata. Nikamwambia ni mwoga. Akasema benchi la juu bado ni lake. Nikamwambia, "Hujakaa pale tangu Oktoba, na kuni zangu ni kavu."

Akaondoka na koti mkononi. Mama akauliza, "Kuni gani?" Nikamweleza yote. Aliosha sahani ileile mara tatu.

Jumatano, 11 Desemba

Nitaliandika hili polepole, maana lilipita haraka.

Mama aliamka akaoka pasti zilizojazwa nyama na viazi. Akasema anampelekea Reino chakula cha mchana. Hajawahi kufika karakana. Dale humleta Reino hadi mlangoni kwetu. Nilimpeleka kwa gari.

Milango ilikuwa imefungwa kwa sababu ya baridi. Ndani, taa zilikuwa na ukungu. Nilidhani theluji imeingia kupitia paani: ilikuwa juu ya meza, juu ya redio, juu ya kalenda, nyeupe, laini. Katikati ya kelele alisimama mtu mweupe, nyusi nyeupe, kope nyeupe, ameinama juu ya bamba. Grainda ilitoa wingu lililomfunika hadi kiunoni. Barakoa ilikuwa shingoni mwake kwa sababu, kama alivyotueleza baadaye, inamfunga pumzi.

Mama hakumtambua. Najua hakumtambua, kwa sababu alimwambia, "Samahani bwana, namtafuta mwanangu."

Reino akazima mashine. "Mama. Ni mimi."

Akamtazama. Akalamba kidole chake cha shahada, akampangusa shavu kama alivyokuwa akifanya tukiwa wadogo mlangoni mwa kanisa. Akakitazama kidole.

"Bamba hilo ni la nani?" akauliza.

"Lako. Nilitaka liwahi Krismasi."

Mama aliweka pasti juu ya kiti, akageuka, akatoka. Alipofika nyumbani alichukua nyundo ya baba, akaing'oa kaunta iliyooza yote, na sinki lake, na droo ya uma, akavitupa uani kwenye theluji. Nilijaribu kumsaidia, akanisukuma. Reino aliporudi alikuta jikoni pana kama uwanja.

"Sikiliza," mama akamwambia. Alikuwa bado ameshika nyundo. "Humu ndani hakupikwi. Si Krismasi, si mwaka mpya. Hakuna samaki, hakuna uji wa mchele, hakuna kahawa. Mpaka ulete picha ya kifua chako uibandike kwenye friji."

"Mama, nina miaka thelathini na moja."

"Basi ujipikie. Juu ya goti lako."

Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele tangu Oktoba, kwa maneno ya kemia na sampuli mfukoni. Yeye alihitaji kidole kimoja.

Alhamisi, 12 Desemba

Supu ya kopo, baridi.

Ijumaa, 13 Desemba

Supu ya kopo. Reino na mama hawasemezani ila kupitia kwangu. "Mwambie kaka yako chumvi iko sakafuni."

Jumanne, 17 Desemba

Reino amekwenda hospitali. Hakumwambia mtu. Nilijua kwa sababu alinyoa ndevu.

Jumatatu, 23 Desemba

Picha iko kwenye friji, imeshikwa na sumaku ya samaki. Mtu asiyejua angeona mbavu tu. Daktari alionyesha kwa kalamu vidoa sehemu ya juu, pande zote mbili. Makovu. Ni ya mwanzo, alisema. Hayatafutika. Akitoka kwenye vumbi leo huenda yasiendelee, huenda yakaendelea kidogo. Akibaki, hakuna huenda.

Reino alisimama mbele ya friji mikono mifukoni. "Kwa hiyo ulikuwa sahihi," akaniambia.

Miezi miwili nilitamani neno hilo. Lilipokuja sikulitaka tena. "Sikutaka kuwa sahihi," nikasema. "Nilitaka nikose."

Mama akawasha jiko. Akapika uji wa mchele, akaupakua juu ya ubao aliouegemeza kwenye viti viwili.

Jumamosi, 4 Januari

Reino kamwambia Dale hatarudi. Dale kasema baridi ikiisha atarudi. Shangazi kasema mimi ndiye niliyemtia uchawi wa vitabu. Niliwapelekea salamu.

Jumamosi, 11 Januari

Nilimletea Reino mbao za Bernadette gereji. Alizizunguka kama mtu anayeonyeshwa farasi wa jirani.

"Mimi si seremala."

"Najua."

"Mbao ina mawazo yake. Jiwe halikugeuki."

Alisikia mwenyewe alichokisema, akatabasamu upande mmoja wa mdomo, akachukua koleo akaanza kung'oa misumari.

Msumari wa kwanza aliouacha ulikula meno sita ya msumeno. Wa pili uliruka ukavunja taa. Alitukana kwa Kifini cha babu, ambacho sisi sote tunakijua kwa matusi tu.

Jumapili, 12 Januari

Ubao wa kwanza umepinda kama ulimi. Ilichukua muda kugundua kwa nini. Jana alipokata ukingo wa sinki, mkono wake ulichukua kopo la maji, ukamimina kwenye mstari wa msumeno, kama kanuni ya jiwe inavyotaka. Hakujiona.

Alikaa juu ya ndoo, ubao magotini. "Majira yote yale ya baridi nimelikata jiwe kavu," akasema. "Sasa nimekimwagia maji kitu kisichoyataka."

Sikujua kama acheke au alie. Yeye pia hakujua. Tulianza na ubao mwingine.

Jumamosi, 25 Januari

Madirisha ya gereji wazi, baridi inauma masikio, Reino kavaa barakoa ile kubwa ya mpira niliyomnunulia, anafanana na nzi. Anakwangua vanishi ya zamani. Akichoka anakaa bila kutafuta kisingizio. Hilo ni jipya.

Jumamosi, 8 Februari

Kaunta imewekwa. Imepakwa mafuta ya kitani, basi. Ina alama ndogo za mviringo mahali mpira ulipokuwa ukitua, na mishale miwili myeusi ya kulengea shabaha imebaki karibu na sinki. Reino alikataa kuiondoa. Mama alitembeza kiganja kutoka ukutani mpaka ukutani. Halafu akarudi nacho.

Jumatano, 19 Februari

Gari la karakana limeingia uani mchana. Nyuma, limefungwa kwa kamba, lile bamba jeupe, limekwisha kukatwa.

Reino alikuwa kazini. Sasa anaendesha greda la wilaya la kusukuma theluji. Dale alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nimemaliza mwenyewe, Marlene. Kwa vipimo vyako alivyovichukua kijana. Ni zawadi. Na mwambie nafasi yake ipo."

Mama alijaza mlango wote, ingawa ni mwembamba. "Jikoni kwangu kumekwisha, Dale."

"Mbao za bolingi! Mji mzima unacheka."

"Waje wacheke hapa, nitawapa kahawa juu yake."

"Yule daktari anatisha watu. Nimevuta vumbi hilo miaka ishirini. Nitazame!" Akapiga kifua. Kikohozi kilimjia kutoka mbali, kikamkunja, kikamshikisha nguzo ya baraza.

Mama alingoja kiishe.

"Nakutazama," akasema.

Nilikuwa nyuma yake nimekunja ngumi. Nimemchukia mtu huyu majira yote ya baridi, nimemwandikia hotuba kichwani nikiwa naendesha gari. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yamejaa maji na hofu ileile iliyomketisha Reino kwenye ngazi za sauna mwezi wa kumi. Hotuba yangu haikupata pa kutua.

"Rudi na jiwe lako," mama akasema. "Kisha mwambie wifi aniletee kikaango changu. Akija nacho, nitampa namba ya daktari."

Dale alikaa garini muda mrefu kabla ya kuwasha injini.

Jumapili, 2 Machi

Kikaango kimerudi. Shangazi alikileta ndani ya mfuko, hakuvua koti. Alipokea namba, akaikunja ikawa ndogo sana. Mama akaoka. Alipotoa kikaango kwenye oveni, shangazi alisema, "Trivu, Marlene!" na mama akakitua juu ya mbao makusudi, akimtazama machoni. Kiliacha duara la kahawia.

"Reino," mama akaita. "Msasa."

Jumamosi, 22 Machi

Maji yanadondoka kwenye kingo za paa. Mabomba ya karakana yameyeyuka, nasikia. Dale amepigwa picha. Shangazi hasemi ilionyesha nini, lakini wiki hii milango ya karakana imefungwa, na mbele yake pamewekwa kibao cha kuuza mashine.

Sauna. Mimi na mama tulitoka kwanza. Nilibaki katika chumba cha kuvulia nguo nikichana nywele, kama kawaida, nikisikiliza kama kawaida. Reino aliingia peke yake. Nilisikia ngazi ya kwanza ikilia, halafu ya pili. Ya tatu haikulia. Alikaa benchi la katikati, mahali pa wageni na mabibi. Maji yakafoka juu ya mawe. Yakafoka tena.

Nilitazama mlango. Haukufunguka.

"Senja!" akaita kutoka ndani. "Humu kuna baridi kama kaburini. Leta kuni!"

Nikachukua mzigo kutoka bandani.

"Na usilete zile za bolingi," akasema, "zina vanishi!"

"Unanifundisha mimi?" nikamjibu, na kwa mguu nikausukuma mlango.